Pedali stili kwenye amplifaya ya besi: tatizo si wati, ni honi na pedali ya kinanda

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, fundi. Niko Dodoma mjini, napigia kwaya. Mgeni wetu kutoka Marekani amerudi kwao akatuachia gitaa la pedali stili lenye nyuzi 10, pedali 3 na nyenzo 4 za magoti. Amplifaya tuliyonayo ni ya besi tu, wati 150, spika moja ya inchi 15 na honi ndogo juu yake. Nikichomeka, sauti inatoka nzito kama mtu anayeongea ndani ya shuka. Nikipandisha trebo inachoma masikio. Pedali ya sauti ya stili haikuja na gitaa, kwa hiyo natumia ile ya kinanda. Naogopa pia kuunguza mali ya kanisa. Je, tutafute amplifaya ya gitaa? Na mpiga besi anauliza kama tunaweza kuchomeka wote wawili kwa pamoja."

Amina, ndugu. Amplifaya ya gitaa msitafute, angalau si sasa. Hiyo ya besi ina kitu ambacho stili (gitaa la kulala, linalopigwa kwa baa ya chuma juu ya nyuzi huku pedali na magoti vikibadilisha noti) inakihitaji kuliko vyote: nguvu nyingi ya sauti safi, isiyokwaruza. Kinachokuharibia ni vitu viwili, honi (ile spika ndogo ya sauti za juu) na hiyo pedali ya kinanda. Honi umeishtaki mwenyewe. Pedali umeitaja kwa kupita tu, lakini kwa maelezo yako inawezekana ndiyo yenye kosa kubwa zaidi.

Hofu ya kuunguza iondoe kwanza. Hatari iko kinyume na unavyodhani: anayepitisha gitaa la besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa ndiye anayechana spika, kwa sababu uzi mnene wa besi, E, unatoa noti ya hertz 41 ambayo inaisukuma karatasi ya spika mbele na nyuma kwa mwendo mrefu isioweza kuuhimili. Stili yako, kama imefungwa kwa mfumo wa tyuni wa E9 (na yenye pedali 3 na nyenzo 4 karibu kila mara ni E9), uzi wake mnene kuliko wote ni B ya hertz 123. Hiyo ni mara tatu ya uzi wa E wa besi, na kwa spika ya inchi 15 ni kazi nyepesi. Stili yenyewe haitumii umeme wowote. Pikapu yake (kidaka-sauti kilicho chini ya nyuzi) inatoa volti ndogo tu ambazo tundu la amplifaya linazimeza bila shida. Kinachoweza kuiumiza amplifaya ni kuongeza kabati la pili la spika bila kusoma omu (kipimo cha ukinzani wa spika). Kama nyuma pameandikwa mwisho ni omu 4, spika mbili za omu 8 zinaruhusiwa, lakini ya omu 4 ikiunganishwa na ya omu 8 zinashuka hadi chini ya omu 3, na hapo utanusa moshi.

Kuhusu wati, wapo watakaokwambia 150 ni nyingi mno kwa gitaa. Kwa gitaa la kawaida wana haki. Kwa stili hapana. Mpiga stili hupiga nyuzi mguu ukiwa katikati ya pedali ya sauti. Noti inapoanza kufifia anakanyaga taratibu ili ibaki na ukubwa ule ule, na ndivyo ule mlio mrefu unaoonekana hauishi unavyopatikana. Sasa piga nyuzi tena kabla hujarudisha mguu: amplifaya inapokea pigo kubwa kwa ghafla, na ya wati 20 au 30 inapasua sauti pale pale. Ndiyo maana amplifaya zilizopendwa na wapiga stili wa Marekani ni za nguvu: Peavey Nashville 400 ina wati 210 na spika ya inchi 15, Fender Twin Reverb ina wati 85 za valvu. Na hili la kuazima amplifaya ya besi si jipya kabisa. Fender Bassman, iliyotoka mwaka 1952 ikiwa na spika moja ya inchi 15 kwa ajili ya besi, baadaye ilipata jina kubwa zaidi kwa wapiga gitaa kuliko kwa wapiga besi wenyewe.

Jaribio la kwanza halina gharama. Chomoa pedali ya kinanda. Chukua waya mmoja wa gitaa usiozidi mita 5, utoke kwenye stili uingie moja kwa moja kwenye amplifaya. Vitasa vya besi, midi (sauti za katikati) na trebo viweke katikati, honi ishushe hadi sifuri kama ina kitasa chake nyuma, halafu piga nyuzi ya 3, 4 na 5 kwenye freti ya 8 (uzi wa 1 ndio ulio mbali na tumbo lako). Sikiliza. Rudisha pedali katikati, piga tena bila kugusa kitasa chochote. Kama shuka limerudi, mshtakiwa umempata.

Sababu ni hii. Pikapu ya stili ni koili ya waya mwembamba mno uliozungushwa maelfu ya mara. Ukiipima kwa mita utakuta kiloomu 15 hadi 20, na kwenye sauti za juu ukinzani wake unapanda zaidi. Chanzo cha namna hiyo kinataka kupokelewa na kitu chenye ukinzani mkubwa sana, ndiyo maana pedali za sauti za stili hutumia poti (kitasa cha ukinzani kilicho ndani yake) ya kiloomu 500. Pedali ya kinanda imetengenezwa kupokea umeme kutoka kwenye chombo chenye nguvu yake, na poti yake kwa kawaida iko kati ya kiloomu 10 na 50. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye pikapu, inaifyonza. Na inachofyonza kwanza ni trebo. Hakuna kitasa kwenye amplifaya kitakachoirudisha, maana kilichopotea njiani hakikufika.

Dawa ziko mbili. Moja ni kupata pedali ya sauti yenye poti ya kiloomu 250 au 500, iliyotengenezwa kwa gitaa lisilo na betri. Ya pili, ambayo huenda tayari mnayo stoo, ni kuweka bafa (saketi inayoipokea pikapu bila kuifyonza) kati ya stili na pedali ya kinanda. Karibu kila pedali ndogo ya Boss, hata ile ya kutyuni, ina bafa ndani inayofanya kazi hata pedali ikiwa imezimwa, ilimradi ina betri au adapta. Mpangilio unakuwa: stili, waya mfupi, tyuna ya Boss, pedali ya kinanda, amplifaya. Tyuna utaihitaji hata hivyo, kwani nyuzi 10 pamoja na mitambo inayozivuta haziachi mtu alale. Kasoro itakayobaki ni mwendo wa mguu: pedali nyingi za kinanda huongeza sauti haraka mwanzoni kisha zinadorora, kwa hiyo utajifunza kutumia eneo dogo la mguu. Inavumilika.

Tahadhari moja hapa: baadhi ya pedali za kinanda si za sauti bali ni za kutuma amri kwa kinanda, zina waya mmoja tu wenye plagi ya pete mbili. Yako inapitisha sauti, kwa hiyo si hiyo. Ila atakayesoma hapa akaenda kununua, aangalie kama ina tundu la kuingia na la kutoka.

Sasa honi. Kwa nini trebo inachoma badala ya kung'arisha? Uzuri wa stili, ule mlio wa chuma unaoteleza, unakaa zaidi kati ya hertz 1,500 na 4,000 hivi, na juu ya 5,000 karibu hakuna unachokitaka: kuna mikwaruzo ya baa juu ya nyuzi na vishindo vya piki za chuma za vidoleni. Spika ya gitaa kwa maumbile yake hushuka ghafla ikifika hapo, ndiyo maana inapendeza. Spika ya besi ya inchi 15 ina karatasi nzito. Inaanza kuchoka mapema, mara nyingi kwenye hertz 2,000 hadi 3,000. Honi nayo imewekwa ili mpiga besi asikike anapopiga kwa dole gumba, na kwenye amplifaya nyingi haianzi kufanya kazi sawasawa mpaka hertz 4,000 au 5,000. Umeona pengo? Mahali panapobeba uzuri wote wa stili ndipo ambapo spika imeshachoka na honi haijaamka. Ukizungusha trebo, hulijazi lile pengo. Unaisukuma honi, nayo inatoa mikwaruzo mitupu. Ndiyo shuka na kuchoma kwa wakati mmoja.

Izime. Kama nyuma kuna swichi au kitasa chake, kazi imekwisha. Kama hakuna, chomoa amplifaya ukutani, subiri dakika kadhaa, fungua kabati. Utaona honi ina waya mbili. Ukikuta kati yake na spika kuna kapasita moja tu, chomoa waya mmoja wa honi, uzungushie utepe wa umeme, funga. Ukikuta kuna kibao chenye koili na kapasita, usichomoe waya wa honi baada ya kibao. Chomoa ule unaolisha upande wa honi kabla ya koili, la sivyo koili na kapasita bila mzigo vinaweza kuifanya amplifaya ione karibu shoti kwenye sauti fulani. Usikate kitu kwa mkasi. Kanisa litaitaka honi irudi siku mpiga besi mgeni akija. Weka alama kwa kalamu waya umetoka wapi.

Baada ya hapo ndipo tunagusa vitasa, na hapa usiwe na haraka.

Vitufe kwanza. Kile kilichoandikwa Contour au Shape kizime, na kama ni kitasa kiweke sifuri. Kinakata katikati na kupandisha juu na chini kwa pamoja, jambo linalompendeza mpiga besi akiwa peke yake chumbani. Kwa stili kinakuondoa kabisa ndani ya kwaya. Kompresa au limita, kama inazimika, izime pia: mguu wako unajaribu kukuza noti inayofifia, yenyewe inajaribu kupunguza noti inayokua, mtagombana wiki nzima. Kwenye tundu la kuingilia, anza upande wa Passive. Upande wa Active hupunguza nguvu, na kwenye amplifaya nyingine una ukinzani mdogo zaidi, yaani tatizo la pedali ya kinanda linarudi kwa mlango wa nyuma. Uende huko tu kama taa nyekundu inawaka hata geini (kitasa cha nguvu ya sauti inayoingia) ikiwa chini.

Besi ishushe robo ya mzunguko chini ya katikati. Hupotezi noti yoyote, kwani chini ya hertz 120 stili ya E9 haina kitu. Kilichoko huko ni vishindo vya miguu kwenye pedali na muungurumo wa umeme wetu wa hertz 50. Kama amplifaya ina kichujio cha sauti za chini, kiweke kati ya hertz 80 na 100. (Kwa mwenye mfumo wa C6 hesabu ni nyingine: uzi wake wa 10 ni C ya hertz 65, kwa hiyo kichujio kisipite 50, na huyo atafurahia amplifaya ya besi kuliko wewe.)

Midi ndiyo yenye kazi. Stili ina uvimbe wa sauti ya puani kwenye hertz 800 hivi, na wapiga stili wengi hukata pale kwa desibeli 5 au 6. Kama amplifaya yako ina midi yenye kitasa cha pili cha kuchagua hertz, una bahati: weka 800, shusha hadi ile sauti ya mtu mwenye mafua iondoke, halafu acha. Ukikata zaidi ya hapo chumbani itapendeza, lakini kwaya ikianza kuimba hutajisikia. Kama una midi mbili zisizochagulika, moja ya chini na moja ya juu, shusha ya chini kidogo, pandisha ya juu robo ya mzunguko. Midi ya juu kwa kawaida inagusa hertz 1,500 hadi 3,000, na hapo ndipo lilipo pengo letu. Trebo ije mwisho kabisa, nusu ya robo juu ya katikati, basi.

Jaribu kwa namna mbili, usiamini moja. Piga nyuzi ya 3, 4 na 5 huko juu, freti ya 13 hadi 15, ukikanyaga pedali A na B (zinazopandisha uzi wa 5 na wa 3) pamoja. Ikichoma, punguza midi ya juu, si trebo. Kisha piga uzi wa 8 na wa 10 kwenye freti ya 3. Ikivimba na noti mbili zikawa kama moja, punguza midi ya chini au besi. Ukipata mahali ambapo zote mbili zinavumilika, chora alama za penseli kwenye paneli. Fanya kazi hii kwaya ikiwa inaimba. Chumbani peke yako utaishia na sauti nyingine.

Geini ipange hivi: kanyaga pedali ya sauti hadi chini kabisa, piga kodi ya nyuzi tatu kwa nguvu zako zote, pandisha geini mpaka taa nyekundu imemeke, rudisha nyuma kidogo. Sasa rudisha mguu katikati na utumie kitasa kikuu cha sauti kupata ukubwa unaoutaka ukumbini. Wengi hufanya kinyume: wanapanga sauti mguu ukiwa chini kabisa. Matokeo yake noti hazidumu, kwa sababu hakuna akiba ya kukanyaga.

Kitu ambacho amplifaya ya besi haina kabisa ni mwangwi. Stili kavu ni ngumu kusikiliza, hilo nakubali bila ubishi, na kama kuna fedha ya kutumia mwaka huu basi itumike hapa. Pedali ndogo ya dilei, inayorudia sauti baada ya muda mfupi, inatosha. Iweke baada ya pedali ya sauti, isiwe kabla, ili ukiinua mguu mwangwi uendelee kufifia wenyewe. Anza na milisekunde 350, marudio 2 au 3, kiasi cha mwangwi karibu asilimia 20. Ukiwa na mwangwi wa ukumbi pia, uwe mdogo zaidi. Lakini angalia mahali ulipo: kanisa lenye kuta za tofali, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari lina mwangwi wake wa bure, na ukiongeza wako maneno ya waimbaji yanamezwa. Humo ndani dilei ya asilimia 10 inatosha. Nje uwanjani panda hadi 25. Adapta za Marekani soma kibandiko kabla ya kuchomeka: kama haijaandikwa 100 hadi 240, volti zetu 230 zitaimaliza kwa sekunde moja. Kama mgeni wenu ameacha na adapta ya volti 120, nunua nyingine ya volti 9 yenye hasi katikati, au tumia betri.

Mahali pa kuiweka amplifaya pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Wewe umekaa. Masikio yako yako zaidi ya mita moja kutoka sakafuni, na sauti za juu za spika ya inchi 15 hutoka zimenyooka kama tochi, zinapita kwenye magoti yako na kwenda kumchoma mwinjilisti aliyeketi mbele. Wewe unasikia uzito tu, unaongeza trebo, yeye anazidi kuumia. Inua kabati juu ya kreti imara, au weka tofali chini ya ukingo wake wa mbele ili ilale nyuma kidogo ikutazame. Umbali wa mita 2 nyuma yako unafaa. Kuinua kutoka kwenye saruji kunapunguza pia ule uzito wa chini, na kona ya ukuta iepuke kwa sababu hiyo hiyo. Stili nayo isikae karibu na transfoma wala mashine za spika kubwa; pikapu ya koili moja hudaka muungurumo wao. Ukisikia muungurumo, zungusha kiti na gitaa kidogo kidogo. Kuna pembe ambapo unapungua sana.

Usalama wa umeme naomba usome mara mbili. Nyuzi za stili zimeunganishwa, kupitia waya, na bodi ya amplifaya; mkono wako wa kushoto umeshika baa ya chuma iliyolala juu ya nyuzi hizo muda wote. Kama amplifaya haina ardhi (waya wa earth) na maikrofoni iko kwenye mashine nyingine yenye ardhi, midomo yako ikiigusa maikrofoni wewe ndiye unakuwa waya. Kwa hiyo pini ya tatu ya plagi isikatwe, isizibwe, na zile adapta za pini mbili zisitumike. Amplifaya, mixa na kinanda vichukue umeme kwenye soketi moja au ekstensheni moja. Kabla ya kuimba, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni; ikizidi volti chache usiimbe, tafuta fundi umeme. Muungurumo wa kebo inayokwenda mixa unatolewa kwa kitufe cha Ground Lift kilichoko karibu na tundu la laini, kamwe si kwa kukata ardhi ya ukutani.

Na hapa kwetu kuna jambo la ziada. Dodoma mvua zinakatika kati ya Aprili na Mei, na haziji tena mpaka Novemba au Desemba; udongo unakauka kiasi kwamba fimbo ya ardhi iliyochimbiwa juu juu haishiki tena vizuri. Ukisikia muungurumo ambao mwezi Machi haukuwepo na Septemba umekuja, mwambie fundi apime ardhi ya jengo. Fimbo ndefu zaidi inayofikia udongo wenye unyevu, au kumwagilia pale ilipozama wakati wa kiangazi, hubadilisha mambo. Kwenye mikutano ya nje yenye jenereta, tumia stabilaiza, na jenereta ikae mbali.

Kiangazi hicho hicho kinaleta vumbi. Poti ya pedali ya sauti ndiyo inayokufa kwanza: inaanza kukwaruza mguu unapopita katikati. Ipulizie dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, si mafuta ya kulainisha vitasa vya mlango, maana hayo yanabaki na kunasa vumbi zaidi. Chini ya stili, kwenye viungo vya pedali na nyenzo, tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo, kisha futa lililozidi. Ukimaliza kupiga, funika vyote viwili kwa kitambaa kizito. Feni ya amplifaya kama ipo, ipige brashi.

Spika mpya? Subiri miezi kadhaa. Ukishazima honi, ukatengeneza pedali na kupata dilei, na bado unaona kuna utando juu ya sauti, hapo ndipo spika inazungumzwa. Peavey walitumia Black Widow zao kwenye Nashville 400, na Eminence wanatengeneza EPS-15C ya inchi 15 kwa ajili ya stili. Zote zina karatasi nyepesi kuliko ya besi na zinafika juu zaidi. Kabla ya kuagiza, hakikisha omu zinalingana na iliyotoka. Ila ukibadilisha, amplifaya hiyo haitakuwa tena ya besi kwa raha, kwa hiyo ni uamuzi wa kamati ya kwaya, si wako peke yako.

Nikiri upendeleo wangu hapa: chombo hiki kinastahili taabu hii kwa kwaya ya Ugogoni kuliko kwa wengine. Uimbaji wa Kigogo una sauti ambazo kinanda hakina. Ile ya saba katika mfululizo wa sauti asilia (zile ambazo uzi mmoja huzitoa wenyewe juu ya noti yake) iko karibu theluthi moja ya nusu toni chini ya kitufe kilicho karibu nayo zaidi. Mpiga kinanda hana la kufanya. Mpiga stili anavuta baa milimita chache nyuma, anakutana na waimbaji pale walipo.

Mpiga besi sasa. Jibu ni hapana, hata kama amplifaya ina matundu mawili. Noti ya hertz 41 inapoisogeza karatasi ya spika mbele na nyuma, noti yako ndefu inayotoka kwenye karatasi hiyo hiyo inatetemeka nayo, na stili inayotetemeka bila wewe kuitetemesha inasikika kama imekosa tyuni. Zaidi ya hayo vitasa ni vya pamoja: tumekata besi kwa ajili yako, yeye abaki na nini? Mmoja aende kwenye mixa. Kama spika za kanisa ni kubwa, zenye sabu (spika ya sauti za chini) ya inchi 15 au 18, aende yeye kupitia kisanduku cha DI (kinachoandaa sauti ya ala iingie kwenye mixa), na wewe ubaki na amplifaya. Kama spika za kanisa ni ndogo au ni honi za mikutano, besi haitasikika huko hata kidogo. Mwachie amplifaya yake, mrudishie honi na vitasa, wewe ndiye uende kwenye mixa: stili, bafa, pedali ya sauti, dilei, kisha DI. Kwenye chaneli yako mwambie mpiga mixa akate chini ya hertz 100 na juu ya 5,000. Asipokata huko juu, utasikia mikwaruzo ile ile uliyoikimbia kwenye honi, safari hii ikitoka kwenye spika zote za kanisa.